Besi Iliyokaa Kwenye Kabati la Mandazi

Sijapata kuona watu wanaopenda chombo wasichoweza kukipiga kama wazee wa kanisa moja la Kanazi walivyolipenda gita lao la besi kwa muda wa miezi kumi. Kabla ya hapo lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya viti vya kwaya, karibu na ndoo za kudekia, na watoto wa shule ya Jumapili walitundika masweta kwenye shingo yake. Hakuna aliyelionea uchungu. Siku walipoambiwa kuwa ni mali, wote wakaanza kuliota.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kipo Nyakanazi, upande ule malori yanapoegeshwa, na natengeneza redio, spika, amplifaya za makanisa na kitu chochote chenye nyuzi. Magita huniletea kwa sababu hakuna fundi mwingine karibu, si kwa sababu wananipenda. Nina mdomo, najijua. Mtu akiniletea gita alilolifunga waya wa klachi badala ya uzi, namwambia hiyo sasa ni pikipiki, aipeleke kwa fundi pikipiki. Wananuna, halafu wanaliacha gita mezani.

Besi hiyo aliileta mpigaji wake mwenyewe, mzee wa Kanazi ambaye ujanani alipiga dansi na bendi moja iliyokuwa ikizunguka Ngara, Biharamulo hadi Kibondo juu ya lori. Binti yake anauza chakula stendi ya Nyakanazi, kwa hiyo mzee alikuwa akija kumsalimia mara kwa mara. Siku hiyo alishuka kwenye basi na gunia la maharage begani na besi mkononi, imefungwa kwenye shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa. Wagonjwa wenyewe tuko wawili."

Akaifungua. Ilikuwa gita zito, la zamani sana, lenye rangi ya bluu iliyopauka na kibati cha jina la kiwanda kwenye kichwa chake. Shingo ilikuwa imepinda kwa miaka ya kuvutwa na nyuzi, na nyuzi zenyewe zilikuwa zimeinuka juu mno, panya angepita chini yake bila kuinama. Vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo, ambavyo mafundi tunaviita freti, vilikuwa vimelika vingine na vingine vimechomoza. Kijana mwenye nguvu angeweza kubonyeza nyuzi zile kwa shida. Mzee akanionyesha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kukunjamana kwa baridi yabisi.

"Kidole hiki kilifunga mwaka jana," alisema. "Hiki kimeanza baada ya mavuno. Vingine bado vinanisikia, lakini uzi ukiwa juu hivi vinagoma. Unishushie nyuzi, fundi, unisawazishie na hivyo vyuma, nipige mavuno yajayo. Baada ya hapo sijui kama nitakuwa na vidole."

Nikamwambia ni kazi ya asubuhi moja. Kweli ilikuwa kazi ya asubuhi moja: kunyoosha shingo, kusugua freti kwa tupa na msasa mpaka zilingane, kushusha nyuzi, kulehemu waya wa sauti uliokuwa unakatakata. Nilimwambia arudi baada ya siku tatu. Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu binti yake amenikumbusha mara nyingi.

Siku ya pili akatokea mtaalamu. Namwita mtaalamu kwa sababu alijiita hivyo mwenyewe. Alikuwa bwana wa mjini, mwenye kofia na kamera, akielekea Rusumo, na basi lake lilisimama ili abiria wapate kula. Alipita mbele ya kibanda changu na mfupa wa kuku mkononi, akaiona besi juu ya meza, akasimama. Nilikuwa nimeshaishika tupa.

"Usiguse!" akasema, kwa sauti ya mtu anayemzuia mtoto asishike moto.

Akafuta mikono kwenye suruali, akaigeuza besi, akaigonga, akaipiga picha mbele na nyuma. Akasema gita la namna hii sasa linatafutwa dunia nzima, na kwamba thamani yake iko katika kutoguswa. Freti zilizolika, ni thamani. Michubuko, ni thamani. Rangi ndiyo iliyomliza kabisa. "Bluu hii haitengenezwi tena," akasema, na akaipitishia kidole kama anabembeleza ng'ombe. Nikisugua hata freti moja, eti nimeua kitu ambacho hakina mwenzake Afrika Mashariki.

Ningemfukuza. Wengi wenye maneno madogo kuliko hayo nimewafukuza. Lakini bwana yule akaangalia zana zangu, akanitazama usoni, akasema, "Mafundi wengi ni waharibifu. Wewe una jicho la mhifadhi."

Kichwa kikavimba. Miaka yote hiyo Nyakanazi, watu wananiita fundi, fundi, we fundi, na mara nyingine mwizi wa vipuri. Leo nimeitwa mhifadhi. Nikaweka tupa chini. Akaniachia namba ya simu, akapanda basi lake, na mimi nikabaki mlangoni nimenyoosha mgongo kama diwani.

Habari zilifika Kanazi kabla mzee hajarudi. Hapa lazima nieleze kitu, maana bila hicho hutaelewa kwa nini gita moja lilikuwa na wenyewe wengi kuliko kisima. Mzee alipookoka aliacha dansi, akalipeleka gita lake kanisani kuwa sadaka ya mavuno. Siku ya mavuno, ibada ikiisha, sadaka hunadiwa pale nje: mikungu ya ndizi, maharage, majogoo. Na mtu mwenye heshima zake akinunua kitu, anakirudisha kinadiwe tena. Jogoo mmoja atanunuliwa na watu sita, wote wapigiwe vigelegele, na jogoo bado yuko pale pale amefungwa miguu. Basi na gita lilinunuliwa hivyo hivyo. Huyu kalinunua akalirudisha, yule kalinunua akalirudisha, mpaka wa mwisho akasema kwaya ilichukue, mzee aendelee kulipiga kwa utukufu wa Mungu. Hakuna aliyefikiria tena jambo hilo.

Sasa wakafikiria. Kila aliyewahi kuinua mkono siku ile akakumbuka kwamba alilinunua. Mmoja akasema kurudisha kwake kulikuwa kwa moyo tu, si kwa maandishi. Mwingine alikuwa ameshafariki, wakaja watoto wake. Mnada ambao shabaha yake ilikuwa kutoa, wameugeuza hati ya kumiliki, na wanasema hayo wakiwa wamekaa kanisani na Biblia mapajani.

Katibu wa wazee wa kanisa akaja Nyakanazi na barua yenye mhuri. Ilisema gita lisitengenezwe, lisipigwe, lisihamishwe, libaki kwangu chini ya uangalizi kwa sababu mlango wangu una nondo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Usiriguse, fundi," akaniambia. "Hata vumbi rake usirifute. Tumesikia vumbi nayo ina samani."

Nikacheka moyoni, lakini sikulifuta. Nikafanya ujinga mkubwa zaidi ya huo. Kulikuwa na mama aliyeacha kuuza mandazi, na kabati lake la vioo lilikuwa limekaa bure. Nikalichukua, nikaisimamisha besi ndani. Ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilitoboa tundu juu na kichwa chake kikatokeza nje na funguo zake nne za kukazia nyuzi. Nikaliweka mbele ya kibanda. Madereva wa malori wakawa wanakuja kuangalia, na mimi nikawa nawaeleza, nimeweka mikono nyuma, habari za bluu isiyotengenezwa tena. Kioo kilikuwa bado kina harufu ya mafuta ya kukaangia.

Mzee aliporudi, siku zile tatu zikiwa zimeshapita, alisimama mbele ya kabati.

"Mbona umemfungia?" akauliza.

Nikamweleza. Nilitumia maneno ya yule bwana, thamani, asili, uhifadhi. Nilimweleza mtu aliyeibeba besi ile kwenye mvua na vumbi kwa zaidi ya nusu ya maisha yake kwamba sasa haipaswi kuguswa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu ambayo sikustahili.

"Na mavuno?" akasema.

"Subira, mzee. Wazee wanazungumza."

"Wazee wana vidole vyao," alijibu, akaenda kwa binti yake.

Hivyo ndivyo miezi ilivyopita. Katibu alikuja kila alipopata safari ya upande wetu, na daftari, akihesabu michubuko kupitia kioo ili ahakikishe sijaongeza wala kupunguza. "Mchubuko mrefu, mmoja. Mchubuko mfupi karibu na kifungo, miwili." Mtu mzima, tena aliyesoma! Nilimdharau sana, na nilikuwa namshikia taa ya simu aone vizuri.

Mzee naye alikuja. Hakuwahi kugomba. Alikuwa akisimama mbele ya kabati, akiinua mkono wa kushoto hewani na kuvifanyisha vidole mazoezi, vile vilivyobaki. Mara ya kwanza niliona vitatu vinatembea. Baada ya mvua za mwanzo viwili. Niliona, nisiseme sikuona. Kila nilipoona nilijiambia kwamba mimi nina barua yenye mhuri.

Binti yake ndiye aliyeniambia ukweli, tena mbele ya wateja, mwiko wa ugali mkononi.

"Fundi, wewe si ulisema siku tatu? Baba anapanda basi kutoka Kanazi aje aangalie gita lake kwenye kioo kama keki ya harusi?"

"Mama, si mimi. Ni kanisa."

"Kanisa ndilo limetoboa hilo kabati?"

Madereva wakacheka. Nililipia chakula changu, nikaondoka bila kumaliza samaki, na kwa wiki nzima nilikula kwingine nikijifanya nimekasirishwa. Sikuwa nimekasirishwa. Nilikuwa nimeona aibu, na nikaichukia ile aibu badala ya kulifungua kabati.

Miezi kumi ilipotimia, yule bwana akarudi kuikagua, ataje bei. Alikuja na gari safari hii, na wazee wa Kanazi walikuwa wameshafika tangu asubuhi, sita, wamevaa makoti, wamekaa kwenye mabenchi ya binti wa mzee wakiagiza chai peke yake. Mzee naye alikuwepo, pembeni. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amekuja kumwona mwanawe tu.

Bwana akaniagiza niitoe shingo, ili aone alama za kiwanda ndani, pale shingo inapoungana na mwili. Nikachukua bisibisi. Kwa miezi kumi nilikuwa sijaigusa hata kwa kitambaa. Nikatoa skrubu nne, shingo ikajitenga, nikaigeuza juani.

Hakukuwa na alama ya kiwanda. Kulikuwa na mti mwekundu wa mninga, umechongwa kwa tezo na kumaliziwa kwa kioo cha chupa, na alama za penseli ya fundi seremala. Hata mimi, mhifadhi mwenye jicho, nilijua mninga nilipouona. Bwana akaishika, akaikuna kwa ukucha, akakunja uso. Akauchukua ule mwili wa gita, akauchungulia pale shingo ilipokuwa imefunika. Chini ya bluu kulikuwa na rangi nyingine, nyekundu, iliyopigwa msasa.

"Nani amefanya haya?" akauliza.

"Ni mimi," mzee akajibu kutoka pembeni.

Wote tukageuka.

"Shingo yake ilivunjika lori lilipopinduka, tukienda kupiga Kibondo. Nikachonga nyingine. Mwili niliupaka ile rangi iliyobaki tulipopaka milango ya kanisa. Hata kile kibati nilikigongomea tu, nilikiokota." Akanywa chai. "Mngeniuliza, ningewaambia."

Milango ya kanisa! Wazee sita waliokuwa wakipita kwenye milango ile kila Jumapili, na katibu aliyehesabu michubuko kumi na tisa ya rangi ile ile, hakuna aliyewahi kuifananisha. Bwana wa mjini akasema ana haraka. Hakuaga vizuri. Na wenye gita, wale waliolinunua na watoto wa waliolinunua, wakakumbuka kwa pamoja kwamba walilirudisha kwa moyo mkunjufu na kwamba ni gita la mzee. Katibu akanirudia baadaye, akataka ile barua yake yenye mhuri. Nikamwambia nimefungia misumari.

Nikalipeleka kabati nyuma, nikaketi na besi. Kesho yake asubuhi nilifanya kazi niliyokataa kuifanya miezi kumi. Niliinyoosha shingo kwa vibao na jua. Nilisugua freti ishirini, moja baada ya moja, nikapitisha kidole changu juu yake mpaka kikawa hakisikii kitu. Nilizichemsha nyuzi kwa maji ya magadi ili zirudishe sauti, kisha nikazishusha. Nilipomaliza, binti wa mzee alikuwa bado hajaanza kupakua chakula cha mchana. Ningeweza kumbonyezea mtoto mchanga kidole chake pale na sauti ingetoka. Nilijivuna, ndiyo, hata siku ile.

Nikampelekea mzee pale stendi. Akaiweka pajani, akaupeleka mkono wa kushoto kwenye shingo. Ndipo nikauona. Vidole vyote vinne vilikuwa vimefumba. Aliusogeza mkono huo juu, akaushusha, akajaribu kubonyeza kwa fundo la kidole, sauti ikatoka imekufa. Binti yake akageukia sufuria zake. Ningependa angenisema.

"Basi," mzee akasema. Akapiga uzi mmoja mtupu kwa dole gumba la kulia, bila kubonyeza kitu. Akapiga wa pili. Akapiga wa tatu. Akatabasamu peke yake. "Fundi, nyimbo zetu za mavuno zinaenda wapi na wapi? Besi inakanyaga sehemu tatu tu. Na nyuzi hizi tatu, zikiwa wazi, ndizo sehemu hizo. Kwaya wapandishe sauti kidogo, waanzie kwenye sauti ya uzi wa pili. Mkono wa kushoto upumzike."

Alikuwa sahihi. Nimekaa na magita maisha yangu yote na sikuwa nimelifikiria.

Siku ya mavuno nilikwenda Kanazi, mimi ambaye kanisani huonekana kwenye misiba tu. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na amplifaya niliyoitengeneza mwenyewe. Alipiga wimbo wa kuingia, wimbo wa sadaka na wimbo wa kutoka. Dole gumba la kulia lilikuwa linatembea kwenye nyuzi tatu, na mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani, umefumba. Besi ilitikisa benchi niliyokalia. Kwaya waliimba juu kuliko walivyozoea, kina mama wakafurahi, wanaume wakakauka koo. Mzee alifumba macho muda wote. Nililia, na sitatafuta maneno mengine ya kulisema.

Nje, mnada ulipoanza na jogoo wa kwanza akiwa anarudishwa, katibu alinijia na kalamu zake mbili, akanishika mkono.

"Fundi, kazi nzuri. Nimeangaria vizuri. Vidore vya mzee sasa vinaterereza tu kwenye shingo."

Mtu huyu alilikagua gita lile kwa daftari miezi kumi. Nilifungua mdomo nimpe ya kwake, mdomo wangu ninaoujua, halafu nikaufunga. Nani angekuwa anamsema nani?

Nikaenda kumsaidia mzee kuchomoa waya. Alikuwa bado amekaa, besi pajani. Aliugeuza mkono wake wa kushoto, akaupitisha mgongo wa vidole vile vilivyofumba juu ya freti, kutoka kichwani hadi chini, polepole, kama mtu anayekagua nguo iliyopigwa pasi.

"Laini," akasema. "Laini kabisa, mwanangu. Hapa ningepiga."